Mwembe wa marehemu mama
Mwaka wa tatu sasa naratibu mradi wa picha za setilaiti hapa Newala. Sirushi roketi; kazi yangu ni ratiba, bajeti, vikao, na kufuatilia wataalamu wamalize kwa wakati. Picha tunazipata bure kutoka Sentinel-2, setilaiti za Ulaya. Kila nukta ya picha ni eneo la mita 10 kwa 10 ardhini, na zinapita juu yetu kila baada ya siku 5 hivi. Masika mawingu hutukwamisha sana, jamani.

Jana nilimwonyesha mzee mmoja mikorosho yake kwenye simu. Akanyamaza. Kisha akaweka kidole penye doa la kijani: "Mwembe huu alipanda marehemu mama." Machozi yakanilengalenga. Kazi hii siibadilishi na yoyote.

Ameomba picha aitundike ukutani. Kesho naipeleka Masasi ikachapishwe.