Chanjo ilikuwa kwenye friji, mgonjwa alikuwa kitini

Miaka yangu yote katika kliniki ya mama na mtoto kule Kenya, sikuwahi kumwuliza daktari kama nimchanje mtoto. Mama akifika, nafungua kijitabu, naona wiki 6, 10 au 14 zimetimia, namdunga. Nilipohamia Minnesota, Marekani, na kuajiriwa uuguzi katika kliniki ya watu wazima, nilidhani chanjo ndiyo itakuwa kazi nyepesi kuliko zote.

Kumbe kila sindano ya mafua ilingoja agizo la daktari, la mgonjwa huyo, siku hiyo. Na mgonjwa kaja na goti, kisukari na dawa zilizoisha. Chanjo inabaki ya mwisho, na ya mwisho husahaulika. Kuna mzee aliyeingia na mkongojo, theluji ikianza, akaniambia tangu mlangoni, "Binti yangu, leo usiniache bila ile sindano ya mafua." Daktari alikuwa amebanwa chumba kingine. Mzee alisubiri, akatazama saa, akaondoka kuwahi basi. Kutoka kitini pake hadi kwenye friji hazifiki hatua kumi. Iliniuma sana.

Kesho yake nilianza kupiga mstari kwenye karatasi kwa kila aliyetoka hivyo. Upande mmoja ulipojaa, niliipeleka kwa daktari mkuu na kumwomba agizo la kudumu: asaini mara moja tu kwamba muuguzi aliyefunzwa amkague mgonjwa na kumchanja bila kumngoja yeye. Halikuwa jambo geni. Kamati ya ushauri wa chanjo ya CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ililipendekeza mwaka 2000 kwa chanjo za watu wazima za mafua na nimokoka, bakteria wanaoleta nimonia. Alisoma mistari yangu kimya, kisha akasema, "Liandike, tulipitie pamoja."

Kuliandika ndiko kulikotuchosha. Haitoshi kusema "wachanjwe". Lazima ionekane nani anachanjwa, nani hachanjwi, dozi, msuli gani, urefu wa sindano kulingana na uzito, adrenalini ya kumwokoa mwenye mzio mkali iko wapi na kipimo chake ni kipi. Tulibishana kuhusu neno "mgonjwa". Wenzangu walikuwa wakimrudisha nyumbani mtu mwenye kikohozi kidogo, ilhali mafua mepesi hayazuii chanjo. Mwingine aliogopa mzio wa mayai, nao hauzuii tena chanjo ya mafua. Kinachozuia ni mtu kuwahi kupata mzio mkali kwa chanjo yenyewe. Mambo hayo tuliyaandika kwa maneno ambayo mtu aliyechoka saa kumi jioni atayaelewa.

Hofu iliyobaki ilikuwa ya leseni. "Kikitokea kitu, nitabeba mzigo peke yangu?" Niliketi na kila mmoja, tukafungua ukurasa wenye saini ya daktari, nikasimama kando akichanja wagonjwa wake wa kwanza.

Halafu tukahamisha swali. Anayepima presha ndiye anayeangalia rekodi za chanjo za jimbo, kabla daktari hajaingia, na anasema, "Wakati wa chanjo yako ya mafua umefika. Tukudunge mkono upi?" Anayekataa anakataa, na mwenye maswali anajibiwa, lakini wengi walikuwa wanakunja mikono ya mashati kabla sijamaliza kuwapa karatasi ya maelezo. Ile karatasi yangu ya mistari niliacha kuijaza, kwa kuwa ilipita wiki bila mstari.

Kosa letu lilikuja baadaye. Mwishoni mwa 2024 umri wa kuanza chanjo ya nimokoka ulishushwa kutoka miaka 65 hadi 50, na agizo letu likaendelea kusema 65. Muuguzi hafuati habari, anafuata agizo, kwa hiyo watu wa miaka 50 na kitu walitupita hadi mmoja wetu alipogundua. Sasa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza kuna tarehe ya kulipitia upya, na jina la mwenye jukumu hilo. Mwaka huu ni langu.