Mtoto wa Panga ya Saidi, na jinsi utoto wa kale unavyosomwa

Mgeni akija Malindi hupelekwa Gede na kwenye nguzo ya Vasco da Gama, basi. Panga ya Saidi hapelekwi, ilhali pango hilo liko kaunti hii hii ya Kilifi, kwenye vilima vya mawe ya chokaa upande wa bara. Humo ndimo lilimopatikana kaburi kongwe zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika. Aliyezikwa, miaka 78,000 iliyopita, ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Watafiti walimwita Mtoto.

Kupata mifupa ya umri huo ni bahati kubwa. Ni myembamba, madini yake haba, na udongo huila mapema. Ncha za mifupa mirefu hazijaungana na shina, kwa hiyo mchimbaji asiyezoea hudhani ni vipande vya mnyama. Halafu kuna chekeche. Tundu la milimita 5 hupitisha meno machanga, yakaishia kwenye lundo la udongo wa kutupa. Tundu lisizidi milimita 2, na udongo wa mfinyanzi uoshwe kwa maji taratibu.

Dalili za kwanza za Mtoto zilionekana 2013. Shimo lenyewe, karibu mita 3 chini ya sakafu ya pango, lilifunuliwa 2017. Mifupa ilikuwa ikigeuka unga. Wachimbaji hawakuing'oa: walilifunika donge zima kwa plasta, likapelekwa Makumbusho ya Taifa Nairobi, kisha maabara ya Burgos, Hispania, likachimbuliwa polepole na kupigwa eksirei tabaka kwa tabaka.

Umri ulisomwa kwenye meno: yapi ya maziwa yameota, na ya ukubwani yamefikia wapi ndani ya taya. Njaa na maradhi hudumaza mifupa kuliko meno, ndiyo maana urefu wa paja pekee hauaminiki.

Na je, alizikwa au alifukiwa tu? Udongo uliojaza shimo si sawa na ule wa kandokando, na viungo vilikuwa bado vimeshikana. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Mtulinga na mbavu za juu zimegeuka kama inavyotokea mwili ukifungwa kwa kubana. Kichwa na pingili za shingo vimeinama, kana kwamba kitu laini kilichokiegemeza kilioza. Msomaji wa Malindi akiona ubavu wa kulia na sanda atakumbuka maziko ya Kiislamu. Asiunganishe, maana umbali wa miaka ni mkubwa mno. Kilicho wazi ni kwamba waliomlaza walimjali, na hilo kwangu ni kubwa kuliko rekodi yoyote ya ukongwe.

Kuachishwa ziwa nako husomeka. Naitrojeni ya aina nzito kwenye jino la anayenyonya huzidi ya mama kwa sehemu 2 hadi 3 katika elfu, kisha hushuka. Ila kipimo hiki hutaka kolajeni, yaani protini ya mifupa na meno, nayo joto la pwani huiharibu.

Ukikuta mifupa pangoni au kwenye machimbo ya mawe, usiivute wala usiioshe. Piga picha ukiweka rula kando, rudishia udongo ule ule, usifunike kwa plastiki kwani unyevu utaiozesha, na ujulishe Makumbusho ya Taifa.