Nilivyochanganya njia za tiba mpaka Mwalimu akakwamuka

Nayaandika haya kwa sababu nimechoka kusikia washauri nasaha wachanga wakiambiwa yaleyale niliyoambiwa mimi: shika njia moja ya tiba, usiichanganye na nyingine. Msimamizi wangu wa siku zile, ambaye kwa mengine namshukuru, alishikilia kwamba anayechanganya ni yule asiyeijua vizuri hata moja. Mteja akikwama, jibu lake lilikuwa hilohilo: rudi mwanzo, kaza, ongeza kazi ya nyumbani. Nimeona kwa macho yangu mteja akizidi kuzama kwa kukazwa namna hiyo, na nimeona alivyoibuka tulipobadili mwendo.

Hiyo tiba safi isiyochanganywa iko wapi, kwanza? Aaron Beck, aliyeijenga tiba ya fikra na tabia kule Philadelphia miaka ya 1960, alisomea uchambuzi wa nafsi uliotokana na Freud kabla ya kushika njia yake. Fritz Perls, mwasisi wa tiba ya Gestalt, naye alitokea hukohuko kwa Freud, na kile kiti kitupu anachosifiwa nacho, ambapo mteja huongea na mtu asiyekuwapo kana kwamba amekaa pale, alikiazima kwa Jacob Moreno, mtu wa tiba ya maigizo. Mwaka 1967 mwanasaikolojia Arnold Lazarus alitetea wazi kwamba mshauri aazime mbinu popote ilipo, maadamu inamfaa mteja, bila kulazimika kubeba na nadharia yake yote. Baadaye mwanasaikolojia mwingine, Stanley Messer, akaleta wazo ninalolifuata mpaka leo: kaa katika njia moja unayoijua kwa undani, kisha ingiza mbinu ya nje mahali maalumu inapohitajika. Basi wakubwa wenyewe waliazimana. Sisi wa Ngamiani, hapa Tanga, tunakatazwa kwa hoja gani?

Sasa nije kwa Mwalimu. Ameridhia niandike, na mambo ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Ni mama wa makamo, alifundisha shule ya msingi karibu maisha yake yote ya kazi, na mumewe alifariki ghafla. Alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, akaimaliza, lakini hakurudi duniani. Alilala mchana, usiku akakesha. Chakula kikawa hakina ladha. Binti yake ndiye aliyemleta kwangu baada ya daktari wa hospitali kuridhika kwamba tatizo ni sonona, akamwanzishia na vidonge. Mimi ni mdogo kwake kwa umri, kwa hiyo kila kikao kilianza kwa "shikamoo Mwalimu" na "marahaba mwanangu", na hilo lina uzito katika habari hii kuliko linavyoonekana.

Nikaanza na ninachokijua: tiba ya fikra na tabia. Fikra iliyomkaba ilikuwa wazi, "sikuwa mke wa kutosha", naye aliiamini kwa asilimia tisini. Nikampa jedwali la fikra, lile la kuandika tukio, hisia, wazo lililopita kichwani, ushahidi wa kuliunga mkono, ushahidi wa kulipinga, kisha wazo lenye uwiano. Jamani, sijawahi kuletewa kazi nzuri kama ile. Daftari limepigwa mistari kwa rula, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, mwandiko wa ubaoni. Safu ya ushahidi wa kupinga ilijaa: alimuuguza mama mkwe, alisomesha watoto, alilipa kodi ya nyumba mume alipokosa kazi. Wazo la mwisho limeandikwa kwa ufasaha kabisa: "Nilikuwa mke mwema kwa kadiri ya uwezo wangu." Nikamuuliza, hili jipya unaliamini kwa kiasi gani? Akasema, asilimia ishirini. Na lile la zamani? Tisini, kama mwanzo.

Wiki iliyofuata, daftari zuri zaidi na asilimia zilezile. Iliyofuata tena, vivyo hivyo. Msimamizi akasema nizidishe majedwali. Mwalimu akayajaza yote. Siku moja akalifunga daftari polepole akaniambia, "Mwanangu, haya nayaandika kwa sababu umeniambia niyaandike." Pale nikaelewa kwamba jedwali limegeuka mtihani na mimi ndiye msahihishaji. Mtu aliyefundisha miaka yote ile anajua kupata maksi. Kazi ya nyumbani ilikuwa inafanyika bila dosari, na tiba haikuwa ikifanyika hata kidogo.

Tukajaribu upande wa tabia. Ratiba ya shughuli: jioni atembee kidogo kuelekea Raskazone, Jumamosi arudi kwenye kikoba chake. Kutembea kulisaidia usingizi kidogo. Kikoba kilimrudisha nyuma kabisa. Alikuja kikao kilichofuata uso umemvimba, na nilipomuuliza kilichotokea akasema hakuna, walimpokea vizuri, walimpa pole, wakamsifu marehemu. "Mumeo alikuwa mtu wa watu." Akairudia sentensi hiyo mara mbili na taya limekaza.

Taya lile ndilo lililonifungua macho. Mtu mwenye huzuni tupu, akisifiwa marehemu wake, hulia. Huyu alikuwa anang'ata kitu.

Hapa niseme jambo ambalo wengi wanaliruka. Kukwama nilikuwa nakujua kwa alama, sikutegemea hisia zangu. Kila kikao Mwalimu alijaza lile dodoso la maswali tisa la sonona, PHQ-9, ambalo kwa Kiswahili lipo, linalochukua dakika chache na jumla yake ya juu ni 27; alama zikipanda, sonona imezidi. Alama yake ilikaa juu ya 15 wiki baada ya wiki. Mtafiti Michael Lambert na wenzake kule Marekani walionyesha kwamba washauri tukitegemea hisia peke yake tunashindwa kumtambua mteja anayezidi kuharibikiwa. Bila zile alama, ningeendelea kulisifu daftari.

Nikaacha kuuliza "nimwongezee nini" nikauliza "kinachomshikilia ni nini". Swali hilo ndilo linaloamua uazime kutoka wapi. Nikachukua ramani kutoka tiba ya mahusiano, ambayo hupanga chanzo cha sonona katika mafungu manne: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko ya nafasi katika maisha, na upweke. Si ramani ya kizungu isiyotufaa. Jirani zetu Waganda wa Masaka na Rakai waliitumia katika vikundi vya vijijini, vikiongozwa na watu wa hukohuko waliofunzwa, wasio madaktari, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha sonona ikipungua sana kwa waliohudhuria. Niliyaweka mafungu yale manne mezani kwenye vikaratasi nikamwambia Mwalimu achague lake. Nilitarajia aushike msiba. Akaupita, akaweka kidole juu ya ugomvi.

Ugomvi na nani, Mwalimu?

Kimya kirefu. Kisha akasema siku ya mazishi alikuja mwanamke kutoka mji mwingine na watoto wawili, na wale watoto walikuwa na uso wa mumewe. Ndugu wote wa mume walijua. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajui. Na hakumwambia mtu, wala binti yake hakujua kwamba mama ameelewa, kwa sababu marehemu hasemwi vibaya.

Kwa hiyo lile jedwali lingefanyaje kazi? "Sikuwa mke wa kutosha" lilikuwa limesimama juu ya hasira isiyoruhusiwa kutoka. Hasira hiyo ilikuwa imekosa pa kwenda ikamgeukia mwenyewe. Ushahidi unaweza kuujaza daftari zima, hasira haitoki kwa hoja.

Tiba inayofanya kazi na hisia, ile aliyoijenga Leslie Greenberg kule Kanada, hutumia kiti kitupu kwa mambo ya namna hii: unamweka mtu kwenye kiti, kwa kumfikiria tu, unamwambia usiyopata kumwambia. Nikaeleza. Mwalimu akanitazama kwa ukali wa darasani. "Unataka nimwite maiti? Mwanangu, mimi ni Mwislamu." Na ana haki. Kwetu pwani, kukaa chumbani ukaongea na aliyekufa si jambo la kupendekeza hivi hivi. Litanuka uganga hata kabla hujaanza. Kuna wenzangu wangemwandika "mteja anakataa tiba". Sikuandika hivyo. Nilijua kwamba alichokataa ni umbo la mbinu, na kazi yangu ni kulitafuta umbo jingine lenye kufanya kazi ileile.

Nikalala nalo kichwani. Wazo likanijia nikiwa sokoni napita maduka ya kanga.

Mwanamke wa pwani tangu lini amehitaji kiti kitupu? Ana kanga. Kinachokatazwa na mdomo, kanga inakisema. Mke aliyeudhiwa hagombi, anavaa kanga yenye jina lake, yaani ule msemo ulioandikwa juu yake, akapita ukumbini, na mume anasoma. Mke mwenza anasoma. Jirani anasoma. Hakuna aliyetukanwa na kila mtu ameambiwa. Hii ni mbinu ya kutoa hisia iliyokuwapo pwani hii kabla Perls hajakiona kiti chochote, na sisi tunaosoma saikolojia tunaipita kila siku.

Kikao kilichofuata nikamuuliza, "Mwalimu, kama ungeruhusiwa kuvaa kanga moja tu mumeo apite aisome, jina lake lingesemaje?" Akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka. Akasema ataleta.

Aliileta imefungwa kwenye gazeti. Alikuwa ameinunua baada ya eda, akaificha chini kabisa ya sanduku, hajaivaa hata siku moja. Nikamwambia hatumwiti mtu yeyote humu ndani, tunaifungua kanga tu. Akaitandaza mwenyewe juu ya kiti cha pili, akalinyoosha pindo, akalisoma jina kwa sauti: "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu." Halafu akaendelea pale kanga ilipoishia.

Sitaandika yote aliyosema, ni yake. Ila nieleze mwendo, maana ndio wenye faida kwa mshauri. Kwanza ilitoka hasira, na nilimwacha, sikumtuliza. Kosa la kawaida ni kumpa mtu kitambaa cha machozi na "pole mama" hasira inapoanza tu kupanda. Chini ya hasira kukawa na uchungu, na huo ndio ulileta machozi aliyoyakosa tangu mazishi. Kisha nikamuuliza alichokuwa anakihitaji kutoka kwa mumewe. Akajibu bila kusita: "Aniambie mwenyewe." Vitabu vinasema baada ya hapo mteja ahamie kiti cha pili ajibu kwa niaba ya yule mwingine. Alikataa. "Leo hana haki ya kujibu." Nikaliacha hivyo, na nina hakika nilifanya vyema.

Halafu, na hapa ndipo wanaopenda kuchanganya ovyo wanapopotea, sikubaki kwenye kanga. Nilirudi kwenye uti wa mgongo wangu, tiba ya fikra na tabia. Tukafungua jedwali lilelile la zamani, fikra ileile. Safari hii mwandiko ulikuwa wa haraka na mistari haikupigwa kwa rula. Safu ya ushahidi wa kupinga aliandika sentensi moja: "Aliyeficha ni yeye." Imani yake katika lile wazo la zamani ikashuka chini ya nusu palepale mbele yangu. Jedwali halikuwa baya kamwe. Liliwekwa mahali pasipo pake.

Kikoba nacho tulikirudia, ila tulifanya kwanza mazoezi ya kujibu akisifiwa marehemu. Akachagua "Mungu amrehemu", basi, kisha ageuze maneno. Wiki baada ya wiki zile alama zikateremka, zikapita chini ya 10, zikaendelea kushuka. Vidonge aliviendeleza, na uamuzi wa kuvipunguza ulibaki kwa daktari wake.

Nina mwingine, kijana wa bodaboda, ambaye kilichomshikilia hakikuwa hasira bali kutotaka. Aliletwa na mama yake kwa ajili ya pombe, na kila mpango niliompa aliukubali kwa kichwa na kuuacha mlangoni. Kwa huyo niliweka mipango kando nikatumia mahojiano ya kuamsha ari, ya William Miller na Stephen Rollnick: unauliza yeye mwenyewe anaona pombe inampa nini na inamnyang'anya nini, ukikaa kimya asikie anachokisema. Alipofika mahali pa kusema "hesabu ya jioni kwa bosi haitimii", ndipo mipango ikapata kazi. Hakuna kanga wala kiti. Aliyekwama kwa kutotaka hapewi dawa ya aliyekwama kwa hasira.

Na wapo ambao sithubutu kuwafungulia hisia kwa namna hii: anayesikia sauti zisizokuwapo, aliyelewa, na yeyote ambaye swali la tisa la lile dodoso, linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, amelijibu kwa chochote zaidi ya "hapana kabisa". Huyo kwanza usalama, daktari, na mtu wa nyumbani anayejua. Mengine yatasubiri.

Wanaouliza gharama: kwangu kikao ni kama elfu ishirini, hupungua kwa asiyeweza, na Mwalimu kuna wakati alilipa nusu. Kwa upande wangu gharama kubwa ilikuwa kutafuta msimamizi mwingine anayeruhusu kuchanganya. Nilimpata mtandaoni, na vifurushi vya intaneti vilinila kweli. Kila mbinu ninayoiazima naiandika kwenye faili kwa sentensi mbili, nimeiingiza kwa sababu gani na nitajuaje kama imeshindwa. Sentensi ya pili ikikosekana, siiingizi.

Lipo ambalo hakuna tiba iliyoweza kulimaliza, nalo ni mirathi. Wale watoto wawili wana haki yao, nyumba ni moja, na ndugu wa mume wana maneno. Hapo nilimpeleka kwa wasaidizi wa kisheria, shauri likafunguliwa mahakama ya mwanzo. Bado halijaisha. Mwalimu anahudhuria mwenyewe, na akipangiwa tarehe hunipigia tuhamishe kikao.