Kumbukumbu ya mradi wangu: naichora njia ya Kamoʻoalewa

Mradi huu unahusu kitu ambacho sitakiona kwa macho yangu. Kamoʻoalewa ni jiwe la angani lenye upana wa mita 40 hadi 100 hivi, na hata wenye darubini kubwa kabisa hulipata vizuri kwa wiki chache tu kila Aprili. Darubini yangu ndogo haifui dafu. Basi nikaamua kulihesabu: niandike programu kwa Python, lugha ya kompyuta, niiweke Dunia katikati ya ukurasa, kisha nitazame asteroidi hii inavyotuzunguka.

Neno "inavyotuzunguka" ndilo lililonikosesha usingizi. Tangu darubini ya Pan-STARRS 1 kule Haleakalā, Hawaii, iigundue tarehe 27 Aprili 2016, watu wamezoea kuiita mwezi wa pili wa Dunia. Si mwezi. Inazunguka Jua kama sisi, na mwaka wake una siku 366 hivi. Hata inapotukaribia sana huwa umbali wa takriban mara 38 ya ule wa Mwezi, na huko Jua ndilo lenye amri. Nilitaka kuona kitu kinachozunguka Jua kinawezaje kuonekana kana kwamba kinatuzunguka sisi.

Jioni tatu za mwanzo ziliishia kwenye kosa moja. Nilichukua vipimo vya obiti, yaani njia yake ya kuzunguka Jua, kutoka hazina ya data ya JPL, maabara ya NASA, nikaviingiza, na asteroidi ikarukaruka kwenye skrini kama nzi ndani ya chupa. Nilikuwa naingiza pembe kwa digrii, programu inasubiri radiani, kipimo kingine cha pembe. Baada ya kurekebisha, duaradufu ikatulia: inasogea hadi 0.9 ya umbali wetu kutoka kwenye Jua, kisha inatoka hadi 1.1. Nikaondoa mwendo wa Dunia kwenye mchoro, na pale katikati, Dunia ikiwa imetulia, kikajichora kitanzi kirefu kilichopinda kama harage. Niliketi nikakitazama muda mrefu.

Kukiona ni jambo moja, kukielewa ni jingine. Jumamosi nikawaita watoto wa kaka yangu chini ya mwembe. Nikamwaga majivu kufanya duara, binti akakimbia juu yake kwa mwendo uleule. Mdogo wake nikamchorea duara lililosogea upande mmoja: akikaribia mti aongeze kasi, akiwa mbali apunguze, ila wote wamalize mzunguko kwa pamoja. Mzunguko wa tatu binti akapaza sauti, "Shangazi, ananizunguka!" Na kweli, kwake yeye ilikuwa hivyo. Mdogo wake alimpita upande wa mti, akatangulia, akabaki nyuma upande wa nje, kisha akampita tena. Ila hakuna hata mara moja aliyokimbia kumzunguka dada yake. Muda wote alizunguka mwembe.

Tatizo lililofuata ndilo lililonifundisha zaidi. Niliiacha programu iende mbele miaka mingi, na harage likaanza kuhama. Sikushangaa: kama mwaka wake ni mrefu kuliko wetu kwa chini ya siku moja, kila mwaka inachelewa kwa zaidi ya kilomita milioni moja. Kwa hesabu hizo ingetuaga baada ya miongo michache. Lakini haituagi.

Kilichokosekana ni mvutano wa Dunia. Hesabu zangu zilikuwa na Jua peke yake, kwa hiyo ikabidi niandike upya, nisukume kila kitu siku moja moja. Nilianza na mbinu ya Euler, njia rahisi ya kukokotoa mwendo hatua kwa hatua, lakini haikufaa: Dunia yenyewe ilipanda polepole kwenda mbali na Jua, nishati ikiongezeka bila sababu. Nikahamia mbinu ya Verlet, inayotunza nishati vizuri zaidi, Dunia ikakaa mahali pake. Kisha nikaipa uzito wake, takriban sehemu moja ya 333,000 ya uzito wa Jua.

Harage likaanza kuhama kama mwanzo. Halafu likapunguza mwendo, likasimama, likaanza kurudi.

Nimelichora mara nne kuhakikisha. Dunia haiishiki asteroidi hii, inaigusa tu. Ikianza kubaki nyuma, mguso huo mdogo unaufupisha mwaka wake hadi itufikie tena; ikitangulia mno, unaurefusha. Ndiyo maana haivuki umbali wa takriban mara 100 ya ule wa Mwezi. Jina lenyewe, la Kihawaii, linataja kitu cha angani kinachoyumbayumba, na sasa mchoro wangu nao unayumba.

Kuna jambo linalonifanya niipende zaidi: mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba nuru inayoakisi inafanana na ya miamba ya Mwezi, kwa hiyo huenda ni kipande kilichorushwa kutoka huko. China ilirusha chombo cha Tianwen-2 mwezi Mei 2025 kikachukue sampuli zake.

Wiki hii naongeza Zuhura na Mshtarii, pamoja na mwinamo wa njia yake, digrii 7.8 kutoka ile ya Dunia, ambao hadi sasa niliupuuza. Kisha nitairudisha saa nyuma. Inasemekana imekuwa ikiandamana nasi hivi kwa karibu miaka mia, na nataka kuiona ikiingia.