Usiku wa rufaa

Nikisema mwanangu alipasuliwa kichwa MOI, ambayo wengi wanaijua kama hospitali ya mifupa, watu huniuliza mifupa na ubongo wapi na wapi. Lakini ndiko. Jina kamili la ile taasisi pale Muhimbili, Dar es Salaam, linataja mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu. Mimi mwenyewe sikulijua hilo mpaka mwaka 2015, kitinda mimba wetu alipogongwa na bodaboda akitoka shule. Alikuwa na miaka sita, ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza.

Tulikuwa tunaishi kijiji kimoja mkoani Morogoro, kando ya barabara kuu. Waliomwona walisema alirushwa, akapigiza upande wa kushoto wa kichwa, akazimia kidogo, kisha akazinduka akilia na kuulizia begi lake. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye benchi la fundi baiskeli, goti limechubuka na juu ya sikio pamevimba. Aliniita. Aliniambia pikipiki ilikuwa nyekundu. Nikasema Alhamdulillah, mtoto mzima.

Hospitali tuliyokimbilia, mapokezi wakauliza PF3. Ile fomu ya polisi ina kazi yake, maana ajali ikigeuka kesi ndiyo ushahidi wenyewe, lakini mzazi aliyebeba mtoto mwenye damu sikioni hana masikio ya kusikia habari za fomu. Mume wangu akatoka mbio kwenda kituoni. Mimi nikabaki kwenye dirisha, na nashukuru hadi leo kwamba tabibu mmoja alipita, akamtazama mtoto, akasema, "Fomu itatukuta ndani. Mama, nifuate."

Alimkagua, akamsafisha, akaagiza tusiondoke. Kisha akaniambia jambo ambalo naamini ndilo lililomwokoa mwanangu: "Akitapika, akisinzia kuliko kawaida yake, au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, niite."

Wakati ule nilikuwa na duka la rejareja, na duka la kukopesha usipoandika umeliwa. Nimezoea kuandika. Nikatoa daftari lake la hesabu kwenye begi, nikaandika kwenye kurasa za nyuma kwa penseli yake mwenyewe. Saa nane na nusu, amekunywa maji. Saa tisa, anasema kichwa kinauma. Saa tisa na robo, ametapika. Saa kumi kasoro, ametapika tena na hajala kitu. Saa kumi, amelala, nikimwita anafumbua macho na kuyafumba.

Zamu ilikuwa imebadilika. Muuguzi aliyeingia aliniambia kwa upole kwamba mtoto amechoka kwa kulia, nimwache apumzike. Nikamjibu, "Sista, huyu tangu aache ziwa hajawahi kulala mchana." Akarudia kuwa nimwache. Nikasimama mlangoni mwa chumba chao, sikuondoka. Sikupiga kelele, maana nilijua nikipiga kelele wataniona mama mwenye kiherehere na maneno yangu hayatakuwa na uzito. Nilisimama tu na daftari mkononi mpaka wakampigia yule tabibu, ambaye alikuwa ameshavua koti anajiandaa kwenda kwake.

Alikuja, akamfumbua macho kwa vidole, akamulika tochi. Nilikuwa nimeinama pale pale, niliona. Mboni ya jicho la kulia ilinywea. Ya kushoto ilibaki pana, haikujali mwanga. Akambana ukucha wa mkono wa kushoto, mtoto akauvuta mkono. Akambana wa kulia, ukajikunja kidogo tu na kutulia. Tabibu hakunieleza kitu pale. Alikwenda mezani akaanza kuandika rufaa, na nilivyoona anavyoandika haraka nikajua.

Gari la wagonjwa lilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Sitalizungumza sana hili, wengi mnalijua. Shemeji yangu alituma pesa kwa M-Pesa, dereva akajaza dizeli, tukaondoka jua likizama: mimi, muuguzi wa kusindikiza, na mtoto aliyelazwa kichwa kimeinuliwa na mtungi wa oksijeni ubavuni. Mume wangu alibaki kumalizia mambo ya polisi na kutafuta hela, aje na basi. Pale Ubungo daraja la juu lilikuwa halijajengwa, foleni ilikuwa ndiyo hali yake hata usiku. Muuguzi alikuwa anammulika macho kila mara, na kila alipomaliza nilikuwa namwangalia usoni yeye, simwangalii mtoto.

Muhimbili walitupokea idara ya dharura. Daktari wa zamu, dada kijana, akauliza aligongwa saa ngapi, alizimia, aliamka, aliongea, alitapika mara ngapi, amesinzia tangu lini. Sikuweza kuongea. Nikampa daftari. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaanza kunakili saa zangu kwenye faili moja baada ya nyingine. Alimwambia mwenzake kwamba mtoto alipata fahamu katikati, ndipo akashuka tena. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hilo la kuamka, kuongea vizuri na kisha kudidimia ni dalili yao kubwa, na ndiyo hatari yake, kwa kuwa humpa kila mtu moyo kwamba mambo yamekwisha.

Walimpa alama. Wana kipimo kinachoanzia 3 hadi 15, wanaangalia macho, sauti na viungo. Mtu mwenye fahamu zake zote ana 15. Wangu alikuwa na 9. Wakampeleka CT scan. Daktari wa upasuaji akanionyesha picha: ndani ya fuvu, upande wa kushoto, doa jeupe lenye umbo la kipande cha chungwa. Akasema mfupa wa pale juu ya sikio ni mwembamba, ulipasuka ukachana mshipa wa damu uliopita chini yake. Damu imejaa kati ya fuvu na utando wa ubongo, na ubongo unasukumwa upande wa pili.

"Tutafungua, tutoe damu, tufunge mshipa. Si kesho, ni sasa."

Ikaja karatasi ya ridhaa. Aliyeileta akauliza baba wa mtoto yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Akasita. Daktari akasema, "Mama yupo. Mama atie sahihi." Nikatia. Mkono ulikuwa unatetemeka hata jina langu halisomeki.

Alitoka chumba cha upasuaji alfajiri. Mume wangu alifika asubuhi akiwa na shemeji na vijana wawili wa jirani, wote wakaenda moja kwa moja kuchangia damu.

Alipozinduka alitutambua. Machozi yalimtoka aliponiona. Lakini maneno hayakuja, na mkono wa kulia ulikuwa mzito. Daktari alitueleza kwamba kwa watu wengi sehemu ya usemi iko upande huo huo wa kushoto, ndiko damu ilikokandamiza, na upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Ubongo wa mtoto, alisema, una uwezo mkubwa wa kujipanga upya, ila unataka kufanyishwa kazi. Mtaalamu wa viungo akatufundisha tumwekee kikombe na kijiko upande wa kulia, tusimsaidie haraka. Hilo lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani. Mtoto ananyoosha mkono, haufiki, anakutazama, nawe umekaa kimya. Mume wangu alikuwa anatoka nje ya wodi.

Neno la kwanza lilikuwa "maji". Baba yake alimpa vikombe viwili.

Gharama zilitupeleka kitengo cha ustawi wa jamii. Msamaha wa matibabu kwa watoto ulikuwa wa walio chini ya miaka mitano, naye alikuwa ameshapita. Mtendaji wa kijiji akatuandikia barua, tukapunguziwa, kilichobaki tukalipa kwa mafungu. Duka lilikwenda, sikulilia.

Alirudia darasa la kwanza. Kabla hajarudi nilimwomba daktari atuandikie barua ya shule: akae mbele, apewe muda zaidi wa kuandika, asichapwe kichwani wala asikimbizwe mchakamchaka mpaka atakaporuhusiwa, na mwalimu ajue la kufanya akipata kifafa. Nilitoa nakala, moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa mwalimu wa darasa, na moja nikaibandika ndani ya jalada la daftari lake jipya la hesabu. Mwalimu wa darasa aliisoma yote mbele yangu, akaniuliza vidonge vyake anavimeza saa ngapi, na nani awe anamkumbusha.