Hewa ya puani na Kiswahili chetu

Nimeshiriki utafiti wa sauti za usemi kwenye maabara ya chuo kimoja hapa Edinburgh na tangu nitoke kule kichwa hakijatulia, kwa hivyo naandika tu yatoke. Tangazo lilikuwa limebandikwa karibu na lifti, wanatafuta watu wazima waliokulia na Kiswahili, unavalishwa kifaa usoni, unasoma maneno, unapewa vocha ya dukani. Vocha sikuijali. Kilichonishika ni pale walipoandika kwamba watapima hewa inayopita puani na ile inayopita mdomoni, kila moja peke yake. Hapo hapo nikawaandikia.

Mdogo wangu yuko Mombasa, ana kijana wake wa miaka minne aliyezaliwa na mdomo wa sungura na kaakaa limepasuka. Operesheni amefanyiwa zote, ya mdomo kwanza halafu ya kaakaa, na hawakulipa kitu maana Kenya kuna hospitali ambazo shirika la msaada la Smile Train ndio wanaozilipia operesheni hizi, alhamdulillahi, kovu lenyewe ukiwa mbali hata hulioni. Lakini kuongea bado. Anaongea king'ong'o, maneno mengi yanatoka puani, na akimuita babake inatoka "mama". Babake anaitika. Kila akiitwa hivyo anaitika, "naam baba", wala hamrekebishi, na mimi huku kwenye video koli nageuza simu pembeni kidogo nisionekane uso.

Sasa kwa nini inatoka "mama", hilo nimelielewa vizuri siku hii ya maabara. Midomo ya b na ya m inafungwa vile vile, hakuna tofauti. Tofauti iko nyuma kule, kwenye kaakaa laini, kile kinyama kinachomalizikia kwenye kilimi. Ukisema b kinanyanyuka kinaziba njia ya puani, hewa inajaa mdomoni ndio ipasuke. Ukisema m kinashuka njia inabaki wazi. Mtoto ambaye kaakaa lake hata baada ya kushonwa halifiki nyuma kuziba, atafunga midomo sawa sawa kama wewe na mimi na hewa itamtoroka puani. Yaani anasema "baba". Kazi ya midomo ameifanya yote.

Walianza na mashine ya picha, ile ile ya kuangalia mimba, ila hapa wanakupaka jeli chini ya kidevu na kukuvalisha kama helmeti ya kushikilia kifaa kisicheze. Ulimi unaonekana kwenye skrini, mstari mweupe uliopinda unapanda na kushuka, ukisema ng' ya ng'ombe unaona mgongo wa ulimi umeinuka kule nyuma. Nzuri sana lakini haikuchukua muda. Kazi yenyewe ilikuwa barakoa ya mpira inayoshika pua na mdomo, ndani ina ukuta unaotenganisha hewa ya juu na ya chini, waya zinaingia kwenye kompyuta na kwenye skrini unaona mistari miwili, wa mdomo na wa pua. Kumbe wazo lenyewe ni la zamani sana, mtafiti aliniambia padri mmoja Mfaransa, Rousselot, mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa akifanya hivi kwa vimirija na kalamu inayochora kwenye karatasi iliyopakwa masizi, inazunguka huku mtu anaongea.

Nikasema "papa", mstari wa pua ukalala chini kabisa. Nikasema "mama", ukapanda mara mbili. Halafu ikaja "mboga" na "mbu" na hapa mtafiti alivuta kiti akasogea, kwa sababu kwenye mboga pua inafanya kazi kidogo tu, kilima kifupi, halafu inakatika ghafla kabla b haijapasuka, lakini kwenye mbu ile m ni ndefu, inasimama peke yake kama silabi nzima na ndiyo inayobeba mkazo. M-bu. Nimesema neno hili maisha yangu yote, Mombasa mbu hawakosekani, na sijawahi kujua kwamba kinywa changu kinapima hivi.

Halafu nikaona kitu. Kila neno lilikuwa linasomwa ndani ya sentensi moja, "Sema papai tena", "Sema kababu tena", wenyewe wameitoa kwenye ile ya Kiingereza wanayoitumia siku zote. Na kila mara, kabla ya papai na baada ya papai, mstari wa pua unapanda. Nikatazama tena. Sema ina m, tena ina n! Unataka kujua kama papai linavuja puani, na umeliweka katikati ya sauti mbili za puani, utajuaje kilichovuja ni cha nani? Kwa mtu mzima kama mimi mstari unarudi chini haraka, lakini kwa mtoto mwenye tatizo lenyewe itakuwa vurugu tupu. Nikamwambia. Alinyamaza, akaangalia skrini, akasema tusimamishe kidogo. Tukakaa pale na barakoa nimeishikilia mkononi tukitafuta sentensi nyingine mpaka tukapata "Alitaja papai leo", hakuna m, hakuna n, hakuna ny wala ng'. Tukarudia orodha yote upya na mstari ukawa safi.

Hapo ndio tulipoanza kuongea kweli. Akanieleza kwamba hospitalini wanatumia kifaa kingine, kibati kinachowekwa chini ya pua chenye maiki juu na maiki chini, kompyuta inatoa asilimia ya sauti iliyopita puani, na mtoto anayeongea Kiingereza anasomeshwa kifungu kifupi kuhusu bustani ya wanyama ambacho hakina nazali, yaani sauti ya puani kama m na n, hata moja. Asilimia ikiwa kubwa hapo, unajua kuna uvujaji. Sasa jaribu kukileta kwetu. Hiyo "bustani ya wanyama" peke yake ina n, ina ny, ina m, umeshaharibu kipimo kabla hujamaliza sentensi ya kwanza.

Na sio maneno mawili matatu, ni lugha yenyewe ilivyosukwa. Ukitaka kusema jambo linatendeka sasa ni -na-, limekwisha ni -me-, mimi mwenyewe ni ni-, mahali ni -ni, dukani, shuleni, nyumbani. Watu wanaanza na m-, miti inaanza na m- na mi-, matunda ni ma-. Kinachobaki salama ni -li-, -ta-, hu-, -ka-, na vitu vya ki- na vi-. Nikigundua hivi nilikuwa naandika nyuma ya fomu yao ya idhini maana karatasi nyingine sikuwa nayo. "Bibi alipika kababu." "Paka hulala juu ya kabati." "Dada alileta kikapu kikubwa." Zote pua imelala. Hata kukataa kunapita, sitaki, sili, silali, ila kukubali hakupiti, nataka na nimelala zote zinapanda puani. Kijana wetu sitaki ndio neno lake la kutwa, na hata hiyo inamtokea puani, kwa hivyo hiyo iingie kwenye orodha moja kwa moja.

Hili naliona ni jambo kubwa na nitalisema kwa sauti. Mtoto wa Kisauni au Likoni kule Mombasa anayepimwa kwa sentensi zilizotafsiriwa tu anaweza kuonekana ana tatizo kumbe ni m na n za Kiswahili zinapita zinapostahili kupita, au mwenye tatizo kweli akaambiwa yuko sawa ikiwa anayempima hajui asilimia ya kawaida ya mtoto Mswahili ni ipi. Wataalamu wa usemi kwetu ni wachache, wanafanya kazi kubwa na walichonacho, lakini wanahitaji vipimo vilivyokatwa kwa lugha ya watoto wenyewe. Mtaalamu wa sauti za usemi Peter Ladefoged, aliyepata uzamivu wake hapa hapa Edinburgh mwaka 1959 na kuanzisha maabara ya fonetiki chuo kikuu cha UCLA, Marekani, mwaka 1962, alikuwa anabeba vifaa na kuwafuata wasemaji walipo. Ndicho kinachotakiwa. Mashine iende Mombasa, Lamu, Pemba, ikakae na watoto wasio na tatizo hili kwanza ndio tujue kawaida ni nini.

Mtafiti ameniomba nimsaidie kuandika kifungu cha watoto na nimekubali bila kufikiri mara mbili. Hadithi zetu nazo zina shida yake, sungura hafai, simba hafai, tembo, nyani, mamba, nyoka, wote wana nazali. Wamebaki kina fisi, kobe na kuku. Nilichonacho kwa sasa ni hiki: "Fisi alipika kuku. Kobe akaleta viazi. Wakala, wakacheka, wakalala hadi asubuhi." Nimemtumia mdogo wangu wasap asome kwa sauti ya kawaida, kijana akasikiliza mpaka mwisho akauliza kuku alikuwa wa nani, ikabidi mamake atunge jibu hapo hapo.

Kinatakiwa kiwe na sauti zote za kupasua na za kukwaruza, p, b, t, d, k, g, s, sh, ch, na ziwe za kutosha kila moja. G ndiyo inayonisumbua. Gari ipo, gogo lipo, goti lipo, gauni ina n. Natafuta namna ya kumfanya kobe akae juu ya gogo bila kulitaja gogoni.