Jumamosi ya mwisho ya mwaka wa Kanisa

Kalenda ya ukutani inasema 26 Novemba 2022. Kwa watu wengi hii ni Jumamosi kama nyingine: soko, mazishi, harusi. Kwangu ni mkesha wa mwaka mpya. Asubuhi bado tuko Mwaka C, wa mwisho katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, Jumamosi ya juma la 34 la Mwaka. Jua likizama tutakuwa Mwaka A, Majilio, majuma ya kungojea Noeli. Nimeamua kuiandika siku hii saa kwa saa, kwa sababu kila mwaka inanipita nikiwa mbioni.

Saa 10:45 alfajiri

Parokia yetu iko ukanda wa chini wa Kilimanjaro, pale migomba inapoanza kupungua na mahindi kushika nafasi. Saa hizi kuna baridi kidogo na mlima unaonekana, kabla mawingu hayajaufunika. Naingia kanisani na breviari, kitabu changu cha sala za kila siku, na taa ya mkononi, nakaa benchi la pili upande wa Bikira Maria. Utepe wa kitabu umefika kurasa za mwishoni.

Kuna asubuhi sala inatoka yenyewe, na kuna asubuhi maneno ni makavu kama mashamba ya huku mwaka huu. Leo ni kavu, nami sikimbii tena asubuhi za namna hii. Mwaka wangu wa pili wa upadre, mama yangu alifariki siku chache baada ya Pasaka. Nilirudi parokiani nikavaa nyeupe, mshumaa wa Pasaka unawaka, kwaya inaimba Aleluya, na moyo wangu umebaki Ijumaa Kuu. Niliona kama nawadanganya watu. Padre mmoja mzee, aliyekuwa paroko wangu, aliniambia, “Mwanangu, wewe soma tu kilichoandikwa. Kanisa linaamini kwa niaba yako mpaka utakapofika.” Nilisoma kilichoandikwa mpaka siku hamsini za Pasaka zikaisha. Sikumbuki siku moja maalumu niliyopona, ila Pentekoste ilipofika niliweza kuimba.

Tangu hapo nimeiheshimu kalenda ya liturujia kuliko hisia zangu.

Saa 12:30 asubuhi

Misa. Watu wapata thelathini: akina bibi, masista wawili, wanafunzi wenye sare, mzee mmoja na redio yake mfukoni. Kasula ya kijani, vazi la juu la Misa, kwa mara ya mwisho mpaka Januari.

Somo la kwanza ni Ufunuo sura ya 22, mto wa maji ya uzima unaong'aa kama bilauri. Huku nje vuli haijanyesha inavyopaswa. Mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia unaoshuka kutoka juu, umebaki na maji ya kulowesha kokoto, na zamu ya kumwagilia inagombaniwa usiku. Nilipokuwa nalitazama somo hili jana niliogopa kidogo: utawaambiaje watu habari za mto wakati madumu yamepanga foleni bombani? Lakini sikulichagua mimi. Limewekwa hapo, mwisho kabisa wa mwaka, ukurasa wa mwisho wa Biblia kwenye siku ya mwisho. Basi nikahubiri dakika tano tu. Nikasema Yohane aliyaandika haya kwa watu walioteseka, na kwamba katika maono yale mto hauna zamu, kila mtu anachota. Nikawaomba wanaosimamia mfongo wafikirie hilo wiki hii. Mzee wa redio akatikisa kichwa kukubali. Ni mmoja wao.

Injili ni Luka 21: jiangalieni mioyo yenu isije ikalemewa na ulafi, ulevi na masumbufu ya maisha haya, kesheni kila wakati mkiomba. Luka ametutembeza mwaka mzima na mifano na visa vyake, mwana mpotevu, Msamaria, Zakayo juu ya mkuyu, na leo anatuaga kwa neno “kesheni”. Kesho Mathayo anaanza na neno hilohilo.

Saa 2:00

Uji, chapati ya jana, na ofisi. Vyeti vya ubatizo, michango ya ukarabati wa paa la kigango, kanisa dogo chini ya parokia, mgogoro wa mpaka kati ya ndugu wawili ambao hautaisha leo.

Saa 4:00

Ndoa tatu katika Misa moja. Huku kwetu hatufungi ndoa za sherehe wakati wa Majilio, kwa hiyo Jumamosi hii hujaa kila mwaka. Nimevua kijani, nimevaa nyeupe.

Bwana harusi wa pili ni fundi ujenzi. Vidole vyake vimetanuka kwa kazi, na pete iligoma kwenye kifundo. Kwaya ilikuwa imeshamaliza ubeti, kanisa limenyamaza, kila mtu anatazama mkono ule. Bibi harusi hakuona haya wala hakulazimisha. Aliizungusha taratibu, akarudisha nyuma kidogo, akaizungusha tena, huku akimwangalia usoni na si kidoleni, mpaka ikapita. Nimefungisha ndoa nyingi na sijawahi kuona kiapo kikielezwa vizuri hivyo.

Jioni, nikiandaa mahubiri ya kesho, nitakutana na Mathayo 24: siku za Nuhu watu walikuwa wakila na kunywa, wakioa na kuolewa, wasitambue. Nimewahi kusikia somo hili likitumika kuwatisha wanaofanya harusi. Si haki. Yesu alikwenda harusini Kana. Anachosikitikia ni kutotambua, kupita katika mambo makubwa ya maisha ukiwa umelala. Yule dada na pete yake hakuwa amelala.

Saa sita kengele ikalia, tukasali Malaika wa Bwana hapo hapo mlangoni, watu wa harusi na wapiga matarumbeta pamoja.

Saa 7:30 mchana

Pikipiki hadi kigango cha mbali. Vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Njiani huwa nawaza jambo moja. Kalenda yetu ilikomaa nchi za kaskazini. Kule Majilio ni miezi ya giza, mchana unafupika, na Noeli inaangukia pale mwanga unapoanza kurudi. Sisi karibu na ikweta mchana na usiku wetu ni karibu sawa mwaka mzima. Ukimwambia mkulima wa huku habari za giza la Desemba atakushangaa, jua linawaka utosini. Nilipokuwa seminari niliona huo ni upungufu, kama tumevaa koti la mtu mwingine. Sioni hivyo tena. Huku Majilio ni kutazama mawingu. Mbegu iko ndani ya ardhi au ndani ya gunia, na mtu anasimama uani jioni anatazama upande wa mvua. Kwaresima inatukuta kiangazi, vumbi na ghala linalopungua, kwa hiyo majivu kwenye paji la uso hayahitaji maelezo. Na Pasaka, ambayo tangu Mtaguso wa Nisea mwaka 325 Kanisa liliazimia kuiadhimisha Dominika, yaani Jumapili, moja duniani kote, inatuangukia masika, matope hadi magotini, mahindi yanachomoza. Mbegu isiyokufa haizai. Watu wetu wanalielewa hilo wakiwa na jembe mkononi. Na kesho Isaya atasema mataifa watafua panga zao ziwe majembe.

Bibi niliyekwenda kumwona amepita miaka tisini kwa hesabu ya wanawe. Haoni. Jumuiya husali kwake mara kwa mara, na majira ya Kanisa anayajua kwa nyimbo.

“Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo bibi.”

“Milele na milele, amina. Marahaba baba. Tumefika wapi?”

Huniuliza hivyo kila nikienda. Hajawahi kuniuliza tarehe.

“Leo tunamaliza, bibi. Kesho Majilio.”

“Aleluya mnaificha?”

“Hapana, hiyo ni Kwaresima. Majilio tunanyamaza Utukufu peke yake.”

Akafikiri. “Ndiyo. Huo ni wimbo wa malaika, tuwasubiri wauanze wao usiku wa Noeli.” Kisha, polepole, “Nitauimba. Huku au huko.”

Nikampaka mafuta kwenye paji la uso na viganja. Ni mafuta aliyobariki askofu kwenye Misa ya Krisma, kabla ya Pasaka. Nimetembea nayo mfukoni tangu Aprili, kwenye kichupa kidogo chenye pamba ndani, na leo ilibidi niikamue pamba kwa kidole ili yatoke. Nikiwa nafanya hivyo nilikumbuka nyuso za wengine waliopakwa kutoka kichupa hichohicho. Wengi wao nimeshawazika. Viganja vya bibi vilikuwa vikavu, vikayanywa mafuta mara moja.

Ukutani, nyuma ya msalaba, bado lipo jani la mtende la Dominika ya Matawi, 10 Aprili. Limekuwa rangi ya majani ya chai. Mjukuu wake alitaka kunipa nikalitupe, nikamwambia aliache. Katekista atapita Februari kuyakusanya yote, tutayachoma, na tarehe 22 yatakuwa majivu kwenye vipaji vya nyuso zetu, pengine na cha huyo kijana.

Saa 9:00 alasiri

Kitubio, watu wanaungama, saa moja na nusu. Hakuna la kuandika hapa.

Saa 11:00 jioni

Sakristia, chumba cha mavazi ya Misa. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wamekuja na pasi ya mkaa. Kasula ya kijani inakunjwa na kuwekwa droo ya chini. Karibu na pindo ina tone la nta lisilotoka. Zambarau inatolewa, inapepewa nje ili harufu ya kabati iishe.

Vijana wanatengeneza shada la Majilio kwa ringi ya baiskeli ya zamani. Walitaka majani ya plastiki ya dukani, yanang'aa. Mama mmoja akafika na mzigo wa masale kichwani, akautua bila kusema neno. Kwa asiyejua, sale ni mmea wa mipaka na amani huku kwetu. Mchaga akikukosea akaja na sale mkononi, ni vigumu sana kumkatalia msamaha. Mzee wa kanisa akawaeleza vijana: Bwana anakuja, nasi tuna makosa, tutampokeaje bila sale? Plastiki ikarudishwa kwenye mfuko.

Desturi hii ya shada ilianzia kwa Walutheri wa Ujerumani karne ya 19, na majirani zetu Walutheri hapo ng'ambo ya barabara nao wanayo. Napenda kwamba imefika mpaka hapa, kwenye ringi ya baiskeli, ikavishwa masale. Mishumaa mitatu ya zambarau, mmoja wa waridi kwa Dominika ya tatu. Fundi wa mishumaa ameitoa minene kuliko mwaka jana.

Saa 12:15 jioni

Masifu ya Jioni ya kwanza ya Majilio. Tuko watano. Naurudisha utepe wa breviari mwanzo. Hakuna kengele maalumu wala kuhesabu sekunde. Mwaka wa Kanisa unaanza kwa watu watano na zaburi, na mbwa wa jirani akibweka. Asubuhi nilisema sala ilikuwa kavu. Jioni si kwamba imebadilika sana. Lakini nilipofungua ukurasa ule wa kwanza, niliusoma kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango haujafungwa.

Saa 3:00 usiku

Chakula, kisha mahubiri. Nimeandika aya mbili juu ya maneno ya Paulo kwa Warumi, usiku umeendelea sana, mchana umekaribia, umeme ukakatika. Siku hizi unakatika karibu kila usiku.

Shada liko mezani kwangu, lililetwa ili nilibariki kesho mbele ya watu. Kiberiti kilikuwa karibu na mkono wangu, na mishumaa minne mipya mbele yangu, harufu ya nta na ya masale mabichi imejaa chumba. Nilikishika kiberiti, nikakirudisha mezani. Wa kwanza unawashwa kesho, saa moja asubuhi. Nikawasha tochi ya simu, nikaiegemeza kwenye kikombe, nikaendelea kuandika mpaka chaji ikaisha.